Tandauni 100:1 kwenye transmita ya presha: ni uwezo wa kweli au maandishi ya kwenye boksi?

#1 MpangaOda
Wakuu, salama? Nina oda ya transmita za tofauti ya presha (zinapima tofauti kati ya pande mbili na kutuma usomaji kwa mkondo wa mA 4 hadi 20), na nataka zote ziwe modeli moja, sensa moja, ili stoo ikae spea moja badala ya nne. Sensa ninayoitazama inasoma −60 hadi +60 kPa na datashiti inasema tandauni 100:1. Pointi ni hizi:

a) Chujio la gesi, 0 hadi 6 kPa, presha ya laini (ya ndani ya bomba) ni MPa 6.9.
b) Mvuto wa tanuru (presha ya ndani ya tanuru ikilinganishwa na hewa ya nje), −50 hadi +50 Pa.
c) Mvuke kupitia bamba la orifisi (bamba lenye tundu ndani ya bomba): 25 kPa ikipita tani 10 kwa saa. Watu wa uzalishaji wanataka isome mpaka tani 1.
d) Kina cha tanki lililofungwa: mita 2 za kimiminika chenye densiti 0.8, sili za mbali (viwambo vilivyounganishwa na transmita kwa kapilari, mirija myembamba ya mafuta) juu na chini, mita 4 kati ya sili na sili.

60 gawa kwa 100 ni 0.6 kPa, kwa hiyo a, c na d naona zinaingia bila jasho. Ni (b) tu inayonitia shaka. Nakosea wapi?

#2 ZiroNaSpani
Hesabu iko sawa, maana ndiyo imepinda. Tandauni ni URL, yaani kikomo cha juu kabisa cha sensa, gawa kwa spani uliyoseti (upana wa renji unayotumia). Hiyo 100:1 inakwambia tu kwamba ukimwandikia 0.6 kPa kwenye komunikata (kifaa cha mkononi cha kuseti transmita) hatakataa. Haikuahidi kwamba ile asilimia 0.065 iliyokolezwa wino ukurasa wa kwanza itakufuata huko chini. Teremka kwenye maandishi madogo, mara nyingi utakuta "hadi 10:1" halafu fomula.

#3 Miliampea4
Kumbe? Mimi nilidhani tandauni ni kipimo cha juu gawa kwa kipimo cha chini unachoweza kukisoma. Mfano mita ya mtiririko ikisoma 100 mpaka 10, ni 10:1.

#4 ZiroNaSpani
@Miliampea4 hiyo nayo ipo, na ndiyo inayovuruga vikao. Neno moja, vitu viwili. Watu wa mita za mtiririko wanamaanisha ulichosema: juu gawa kwa chini, usahihi ukiwa bado ndani ya ahadi. Watu wa transmita wanamaanisha URL gawa kwa spani. Mhandisi wa mchakato akiandika "tandauni 10:1" kwenye pointi (c), muulize ya nani. Jibu linabadilisha oda.

#5 Nusu_Bar
(b) haimo kabisa. 60,000 gawa kwa 50 ni 1200:1.

#6 MzeeWaKitanzi
#5 spani haihesabiwi kutoka ziro, inahesabiwa kutoka mwanzo wa renji hadi mwisho wake. −50 hadi +50 ni Pa 100. Kwa hiyo 600:1. Hukumu ni ile ile, haimo, ila tuandike sahihi maana kuna atakayekuja kunakili.

#7 MtuWaPLC
URL mimi nilifikiri ya tovuti 😄

Kwa nini mnajitesa? Acheni transmita zote kwenye 0 hadi 60 kPa kama zilivyotoka kiwandani, halafu mfanye skeli kwenye PLC (kompyuta inayoendesha mitambo). Spani haijaguswa, tandauni inabaki 1:1, usahihi wote uko palepale.

#8 MzeeWaKitanzi
@MtuWaPLC usahihi uko palepale, ndiyo, asilimia 0.065 ya 60 kPa. Hiyo ni Pa 39. Ukiiseti 6 kPa, asilimia ile ile ni Pa 3.9. Hujaokoa kitu, umekikimbia.

Halafu angalia kadi ya PLC yako inayopokea mA. Kadi ya biti 12 kwenye 0 hadi 20 mA ina hatua 4096, kila hatua ni mA 0.00488. Kwa renji ya 0 hadi 60 kPa, mA 1 ni Pa 3750, kwa hiyo hatua moja ya kadi ni Pa 18.3. Chujio la (a) litacheza kati ya mA 4 na 5.6 tu, na mstari wa trendi utaonekana kama ngazi. Seti 0 hadi 6 kPa, hatua inashuka hadi Pa 1.83.

#9 MtuWaPLC
Ukisoma thamani ya kidijitali kwa HART (mawasiliano ya kidijitali juu ya waya ule ule wa mA) hakuna mA wala ngazi.

#10 MzeeWaKitanzi
Kweli, hapo hoja ya kadi inakufa. Ila HART ya kawaida inaleta thamani mara mbili au tatu kwa sekunde, na ikipitia multipleksa ya pointi nyingi, inayosoma transmita kwa zamu, subira inaongezeka. Kwa kina cha tanki poa. Kwa mvuto wa tanuru ambao kidhibiti kinaufuata, hapana. Na hoja ya sensa haijafa, ndiyo kwanza tunaifikia.

#11 ZiroNaSpani
Tuweke namba mezani, vinginevyo tutabishana hadi kesho. Datashiti za daraja hili huandika mambo kwa mtindo huu, nachukua kama mfano:

Usahihi wa msingi: asilimia 0.065 ya spani hadi 10:1. Kuzidi hapo, asilimia [0.015 + 0.005 × (URL ÷ spani)] ya spani.
Joto, kwa kila badiliko la °C 28: hadi 5:1, asilimia 0.0125 ya URL + 0.0625 ya spani. Kuzidi 5:1, asilimia 0.025 ya URL + 0.125 ya spani.
Presha ya laini, kwa kila MPa 6.9: ziro inahama asilimia 0.05 ya URL, na spani asilimia 0.1 ya usomaji.

Sasa (a), spani 6 kPa, yaani 10:1. Msingi: Pa 3.9. Joto: 15 + 7.5 = Pa 22.5. Presha ya laini: ziro Pa 30, spani Pa 6.

Mmeona? Kile kilichokolezwa wino ndicho kidogo kuliko vyote. Kila palipoandikwa "ya URL", spani yako haina sauti. Ukikunja hadi 0.6 kPa, joto linabaki Pa 15.75, ambayo sasa ni asilimia 2.6 ya spani, na ziro ya presha ya laini bado ni Pa 30 zile zile, asilimia 5. Fomula ya msingi pale 100:1 inatoa asilimia 0.515. Ndiyo maana wanapenda kuitangaza hiyo tu.

#12 Kapilari
Ni sawa na kukunja mkeka wenye tundu. Ukiutandaza wote tundu halionekani. Ukiukunja mpaka ubaki kipande cha kukalia mmoja, tundu ni lile lile ila sasa umelikalia.

#13 Miliampea4
#12 basi tuache "tandauni", tuiite mkunjo. Mkunjo wa kumi, mkunjo wa mia.

#14 Nusu_Bar
Mkunjo 100:1 😂 Nimeipenda. Mnunuzi akisikia "mkunjo" atauliza ina pasi?

Turudi. Jumla ya (a) ni ngapi? 3.9 + 22.5 + 30 + 6 = Pa 62.4, asilimia 1.04 ya spani. Mbaya hivyo?

#15 ZiroNaSpani
Haijumlishwi hivyo mkuu. Makosa yasiyohusiana unapiga kila moja kwa lenyewe, unajumlisha, unatafuta kipeuo cha pili. Ziro ya presha ya laini ikiwemo: Pa 38.2, asilimia 0.64. Ukiiondoa kwa kuweka ziro presha ikiwa ndani: Pa 23.6, asilimia 0.39.

#16 DiaframuNyembamba
Samahani, hapo kwenye "yasiyohusiana" nina neno. Joto la mchana halipigi kura. Transmita tatu za sensa moja zilizofungwa kwenye ukuta mmoja zinaweza kuhama upande mmoja kwa pamoja. Kipeuo kinafaa ukikadiria kundi kubwa, ila kwa transmita moja inayokatisha usalama (inayozima mtambo kukiwa na hatari), jumlisha moja kwa moja kama alivyofanya Nusu_Bar, ulale usingizi.

#17 ZiroNaSpani
Ukijumlisha moja kwa moja kila mahali utanunua vifaa vya maabara kupima chujio.

#18 DiaframuNyembamba
Nimesema inayokatisha usalama. Soma tena.

#19 MpangaOda
Asanteni. Hiyo ya kuondoa ziro presha ikiwa ndani inafanywaje bila kuharibu kitu?

#20 MzeeWaKitanzi
Kwa manifoldi ya valvu tatu kwenye gesi safi:

Mwambie mtu wa chumba cha kuendeshea aweke kitanzi cha udhibiti kwenye manyuo (kwa mkono, siyo otomatiki). Funga valvu ya upande wa presha ndogo. Fungua ya kusawazisha taratibu. Ya upande wa presha kubwa iache wazi, sasa pande zote mbili za sensa zinaona presha ile ile ya laini. Subiri usomaji utulie, usikimbilie, gesi iliyobanwa inapoa na kupata moto na usomaji unatembea nayo. Ukitulia, fanya ziro trimu (iambie transmita hapa ndipo ziro) kwa komunikata. Kisha funga ya kusawazisha KWANZA, ndipo ufungue upande mdogo polepole.

Ukikuta usomaji hautulii bali unateleza upande mmoja bila kukoma, usitrimu. Valvu uliyofunga inavuja, na utakuwa unaihalalisha mvujo iwe ziro.

#21 Kapilari
Nakazia #20, na onyo kwa (c): kwenye mvuke kamwe usiwe na valvu zote tatu wazi kwa wakati mmoja. Maji ya kondensati yaliyo kwenye mirija yatapita kwenye kusawazisha, mvuke utafuata nyuma yake hadi kwenye diaframu (kiwambo cha sensa), na sensa nyingi hazikuundwa kwa joto hilo. Hata ikinusurika, vyungu vya kondensati vitakuwa na maji yasiyolingana, na kila milimita 10 za tofauti ni kama Pa 98. Hiyo siyo tandauni, lakini lawama italipata tandauni.

#22 MtuWaPLC
Swali la kitoto: kwa nini hasa kosa haliteremki pamoja na spani? Sensa ni ya kidijitali. Nadhani ni biti. Kigeuzi cha ndani kina hatua kadhaa kwa renji nzima, ukitumia kipande unatumia hatua chache.

#23 Nusu_Bar
Biti siyo tatizo siku hizi. Biti 24 kwenye 120 kPa nzima (−60 hadi +60) ni Pa 0.007 kwa hatua. Hujafika huko hata kwenye mvuto wa tanuru.

#24 MtuWaPLC
Biti 24 za kwenye karatasi. Toa noizi ubaki na biti 17 za kweli, hatua ni Pa 0.9. Kwa spani ya Pa 100 hiyo ni karibu asilimia 1.

#25 Nusu_Bar
Hapo umenibana kidogo. Lakini noizi unaituliza kwa dampingi (kulainisha usomaji kwa muda). Kuhama kwa ziro hakutulizwi na dampingi ya dakika nzima.

#26 DiaframuNyembamba
Ni umakanika zaidi ya umeme. Diaframu ya sensa ya 60 kPa imetengenezwa iwe ngumu kiasi cha kuhimili 60. Ukiipa Pa 100 inasogea kiasi kidogo mno, na mkazo uliobaki kwenye metali, mafuta ya ndani yanayotanuka, boliti za flenji zilizokazwa zaidi upande mmoja, vyote vinaisukuma kwa kiasi kinachofanana na hicho. Kifaa hakiwezi kutofautisha msukumo wa mchakato na msukumo wa boliti.

#27 ZiroNaSpani
Mimi naona jibu liko kiwandani. Kila sensa inapitishwa kwenye joto na presha mbalimbali, tabia yake inaandikwa kwenye kumbukumbu, halafu kichakato kinasahihisha. Usahihishaji unafanywa kwa renji nzima. Kile kinachosalia baada ya kusahihisha ni Pa kadhaa popote ulipo, na hakijui wewe umeseti nini. Spani ni namba ya upande wa kutokea tu, sensa haina habari nayo.

#28 DiaframuNyembamba
Kinachosalia kinasalia kwa nini? Kwa sababu ya nilichosema #26. Umerudia hoja yangu ukaivalisha koti.

#29 MzeeWaKitanzi
Bishaneni, ila mjue aina ya sensa inabadilisha uzito wa kila hoja. Kapasitansi, piezo na ile ya silikoni inayotetema hazihami kwa namna moja. Ndiyo maana transmita mbili zenye 100:1 zinaweza kuwa na mistari ya joto tofauti kabisa. Linganisha mstari wa joto, usilinganishe 100:1 na 100:1.

Nirudi kwenye (b), maana imesemwa haimo ikaachwa hapo. Mvuto unahitaji sensa yake ya presha ndogo. Sensa ya ±0.75 kPa kwa spani ya Pa 100 ni 7.5:1. Lakini hata hiyo ina mambo:

Mkao. Transmita ikigeuzwa kutoka wima kwenda ubavu, uzito wa mafuta ya ndani unahamisha ziro. Kwenye baadhi ya modeli za kawaida inafika Pa 300. Kwa spani ya 60 kPa hutaona. Kwa Pa 100 ni mara tatu ya spani nzima. Ifunge kwanza mahali pake, kaza kila boliti, ndipo uweke ziro. Ukiweka ziro mezani umepoteza muda.

Maji. Tone likikaa kwenye kona ya mrija na kusimama milimita 5, hiyo ni Pa 49, nusu ya spani yako. Mrija uteremke moja kwa moja kutoka kwenye transmita kurudi tanuruni bila bonde, kipenyo kisiwe kidogo.

Upepo. Upande wa marejeo usiuache wazi ukitazama mlango.

#30 Miliampea4
Kwa hiyo kwa (b) hata transmita ya bei mbaya ikifungwa vibaya ni bure.

#31 MzeeWaKitanzi
Ndiyo.

#32 BambaLaOrifisi
Nimechelewa, naona (c) imeguswa pembeni tu. Ngoja.

Mtiririko unafuata kipeuo cha pili cha tofauti ya presha. Tani 1 kati ya 10 ni asilimia 10 ya mtiririko, lakini ni asilimia 1 tu ya presha: Pa 250 kati ya 25,000. Kwa hiyo "10:1" ya uzalishaji ni 100:1 ya presha, na hiyo haina uhusiano na 100:1 ya kwenye boksi. Spani yako ni 25 kPa, tandauni ya transmita ni 2.4:1, raha mustarehe. Tatizo liko ndani ya spani.

Kwa namba za #11: msingi Pa 16.25, joto 7.5 + 15.6 = Pa 23.1. Kipeuo: kama Pa 28. Kwenye tani 10, Pa 28 kati ya 25,000 ni vumbi. Kwenye tani 3.3, presha ni Pa 2,700 hivi, kosa asilimia 1, na kwa sababu ya kipeuo mtiririko unapata nusu yake, 0.5. Kwenye tani 1, Pa 28 kati ya 250 ni asilimia 11, mtiririko asilimia 5.6. Ndiyo maana desturi ya orifisi ni 3:1 au 4:1. Bamba lenyewe chini ya ISO 5167 (kiwango cha kimataifa cha vipimo hivi) lina mashaka ya kama asilimia 0.5 kwenye kigezo cha kutoa (discharge coefficient), kwa hiyo kupigania zaidi ya hapo upande wa juu hakuna faida.

#33 Nusu_Bar
Si apunguze spani, aseti 0 hadi 2.5 kPa?

#34 BambaLaOrifisi
Halafu tani 10 zikipita? Itagonga mA 20.5 na kukaa hapo.

Kinachofanyika ni transmita mbili juu ya bamba moja. Ya kwanza 0 hadi 25 kPa. Ya pili 0 hadi 2.5 kPa, sensa ndogo, tuseme ya 6 kPa. Asilimia 10 ya presha ni asilimia 31.6 ya mtiririko, hapo ndipo ndogo inajaa. PLC ibadilishe kwenda kubwa mtiririko ukipanda 31, irudi kwa ndogo ukishuka 28, usiweke namba moja la sivyo usomaji utarukaruka mpakani.

#35 DiaframuNyembamba
Na hiyo ndogo inakaa siku nzima ikiwa imejazwa 25 kPa, mara nne ya URL yake. Haitapasuka, sensa za tofauti ya presha zimejengwa kuhimili hata presha nzima ya laini upande mmoja, kwa kikomo kilichoandikwa. Ila kuhimili ni kitu kimoja, kurudi kwenye ziro ile ile ni kingine. Datashiti hutenganisha hayo mawili. Itakaporudi kazini usiku wa mtiririko mdogo, ndipo unapoihitaji, inaweza kuwa imehama.

#36 BambaLaOrifisi
Inahama, ndiyo, lakini Pa chache. Bado bora kuliko Pa 28 za ile kubwa.

#37 DiaframuNyembamba
"Pa chache" siyo namba, mkuu. Mwenyewe unawakaba wengine kwa namba.

#38 BambaLaOrifisi
Haya, sina namba ya modeli yake. Ninachosema, ziro yake unaweza kuilinganisha na kubwa kila zinapopishana kati ya 20 na 28. Zikitofautiana, unajua.

#39 MtuWaPLC
Na mkishuka chini kabisa muweke mkato wa mtiririko mdogo (chini ya hapo isome ziro). Kipeuo cha namba ndogo kinakuza kila kitu: ziro ikihama Pa 25 juu, bomba limefungwa, lakini skrini inaonyesha asilimia 3.2 ya mtiririko. Totalaiza (kihesabu jumla) inahesabu mvuke usiokuwepo. Na kipeuo kichukuliwe mahali pamoja tu, kwenye transmita au kwenye PLC. Kikichukuliwa kote, asilimia 25 ya presha inaonekana asilimia 70.7 badala ya 50.

#40 Kapilari
Zamu yangu, (d). MpangaOda alisema inaingia bila jasho. Inaingia, ila kwa sababu tofauti na aliyotoa.

Spani: 0.8 × 9.81 × 2 = 15.7 kPa. Mafuta ya silikoni ya kawaida kwenye kapilari yana densiti kama 0.934. Mita 4 za wima zinasukuma upande wa presha ndogo wa transmita kwa 36.6 kPa hata tanki likiwa tupu. Kwa hiyo renji ni −36.6 hadi −20.9 kPa. Sensa ya ±60 inabeba, tandauni 3.8:1.

Mtu akija na ushauri wa "chukua sensa ndogo, ±25, tandauni 1.6:1, safi zaidi", mkatalie. Uwiano ni mzuri lakini −36.6 iko nje ya sensa, transmita haitasoma kabisa. Angalia mambo matatu kila mara: spani isiwe ndogo kuliko ya chini inayoruhusiwa, mwanzo wa renji uwe ndani ya kikomo cha chini, mwisho uwe ndani ya kikomo cha juu.

Sasa jasho. Mafuta hayo yanatanuka karibu asilimia 0.1 kwa kila digrii. Badiliko la °C 28 linapunguza densiti karibu asilimia 3. Asilimia 3 ya 36.6 ni 1.1 kPa. Hiyo ni asilimia 7 ya spani, sentimita 14 za tanki. Kapilari za urefu sawa haziondoi hilo, wengi wanadhani zinaondoa. Zinapunguza athari ya ujazo wa mafuta, siyo ya uzito wa safu wima. Mbele ya 1.1 kPa, Pa 20 au 30 za tandauni ni za kuombea radhi tu.

#41 Nusu_Bar
Basi aachane na kapilari, achukue sensa mbili zilizounganishwa kwa waya, moja juu moja chini, zitoe zenyewe.

#42 Kapilari
Inategemea presha juu ya kimiminika. Ikiwa MPa 1, kila sensa inapima MPa 1 ili tupate tofauti ya 15.7 kPa. Asilimia 0.05 ya MPa 1 ni Pa 500 kwa kila moja, mbili kwa kipeuo ni Pa 707, asilimia 4.5 ya spani. Huo nao ni mkunjo, tena wa 64:1, umejificha. Kwa tanki la presha ndogo ni suluhisho zuri sana. MpangaOda, presha ya tanki ni ngapi?

#43 MpangaOda
Kwenye karatasi ni kPa 80 za juu ya hewa. Nimeandika yote. Kwa hiyo (b) sensa yake, (c) mbili, (d) tunajadili. (a) je, nichukue sensa ya 6 kPa badala ya 60?

#44 Nusu_Bar
Chukua ndogo. Ndogo daima ni sahihi zaidi.

#45 MzeeWaKitanzi
Siyo daima. Sensa za renji za chini kabisa mara nyingi zina asilimia mbaya zaidi kwenye karatasi na kikomo kidogo cha presha ya laini. Kwa MPa 6.9, soma mstari huo kabla ya mwingine wowote. Halafu hili ni chujio. Linahitaji kukwambia limeanza kuziba, na asilimia 0.64 bila hata kuhangaika na ziro inatosha mara kumi. Na likiziba kweli hadi 15 kPa, ile ya 60 unaipanulia spani kwa komunikata dakika mbili, ile ya 6 imefika ukutani. (a) ni 60.

#46 ZiroNaSpani
Sikubaliani moja kwa moja, nikiongeza uthabiti wa muda mrefu. Huandikwa kwa URL. Asilimia 0.1 ya URL kwa miaka 5 ni Pa 60, asilimia 1 ya spani ya (a).

#47 MzeeWaKitanzi
Ambayo unaiondoa kwa ziro ya mwaka, #20.

#48 ZiroNaSpani
Kama itafanywa.

#49 Miliampea4
Nauliza upande wa karakana. Nikiseti 0.6 kPa kwenye ile ya 60, naikalibreti na nini?

#50 DiaframuNyembamba
Swali zuri kuliko yote ya leo. Kanuni ya kawaida ni kipimo cha marejeo kiwe bora mara 4. Asilimia 0.515 ya Pa 600 ni Pa 3.1, kwa hiyo unahitaji kalibreta isiyokosea zaidi ya Pa 0.8. Pampu ya mkono yenye geji ya kPa 200 haifiki huko, na mkono wako ukishika mrija, joto la kiganja tu linaisogeza. Na usichanganye: kubadili mwanzo na mwisho wa renji kwa komunikata hakuhitaji presha yoyote, unahamisha namba. Trimu ya sensa ndiyo inayohitaji marejeo. Trimu ya juu ikifanywa na geji mbovu inaharibu kazi ya kiwandani, na mara nyingi hakuna sababu ya kuigusa.

#51 MtuWaPLC
Na ukibadili renji kwenye transmita ubadilishe kwenye PLC pia. Transmita 0 hadi 6, PLC bado 0 hadi 60, chujio safi la 3 kPa linaonyesha 30 na alamu inalia usiku kucha.

#52 MpangaOda
Shukrani wakuu. Stoo itakuwa na sensa tatu badala ya moja: 60, 6 na ya mvuto. Kapilari, kwa kPa 80 kwenye (d), sensa mbili za waya zinatoka vipi kwa hesabu?

#53 Kapilari
Ya chini inaona 80 + 15.7, tuseme zote zimesetiwa 0 hadi 100 kPa. Asilimia 0.05 ni Pa 50 kila moja, kwa kipeuo Pa 71, asilimia 0.45 ya spani. Ongeza joto la kila sensa kwa URL yake, hapo nahitaji datashiti yake siyo ya mfano. Itupie hapa.

#54 Nusu_Bar
Na useme URL. Siyo ya tovuti.